Daktari kaniandikia fiziotherapia ya nyonga, na mimi natafuta mtoto. Kuna aliyepitia?

DadaWaDodoma aliandika:

Habari zenu jamani, na shikamoo kwa mnaostahili.

Nina miaka 31. Ndoa yetu imetimiza miaka miwili na miezi minne, na sijawahi kushika mimba hata ya kuharibika. Wiki iliyopita nilimwona daktari wa wanawake kwa mara ya tatu. Akasoma majibu yangu yote, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Tendo la ndoa linakuuma?" Nikamwambia linauma tangu siku ya kwanza, kama mtu anakwangua kidonda. Siku nyingine mume wangu haingii kabisa, tunaacha, tunalala. Kwa mwezi tunafanikiwa mara moja, labda mbili, na hapo hatuchagui siku. Akaandika kwenye karatasi: fiziotherapia ya nyonga.

Fiziotherapia ninayoijua mimi ni ile ya marehemu baba alipopata kiharusi, kunyanyua mkono na kuminya mpira. Nyonga yangu haijavunjika.

Majibu yangu ni haya. Homoni ziko sawa, mayai yanapevuka. Mume wangu alipimwa mbegu, zikaonekana nzuri. Kipimo cha mirija, kile cha kupitisha dawa na kupiga picha, mrija wa kulia dawa ilipita vizuri, wa kushoto iliishia mwanzoni kabisa, pale mrija unapotoka kwenye kizazi. Siku ile nililia. Nilibana miguu mpaka nesi akanishika magoti ndipo wakamaliza.

Nyumbani mama mkwe amempata mama mmoja wa kukanda tumbo, anasema kizazi changu kimeshuka, akikipandisha na mirija itafunguka. Anataka 150,000. Na shoga yangu kanitumia video za mazoezi ya kubana huko chini, mara mia kwa siku. Nimefanya wiki tatu na maumivu yamezidi.

Naomba aliyepitia anieleze bila kuficha. Huko wanafanya nini hasa? Wanakugusa wapi? Na kweli inasaidia kupata mtoto? Akiba yetu ni milioni moja na laki mbili tu, na daktari anasema mtaalamu wa mambo haya nimfuate Dar. Sina ujasiri wa kumuuliza mtu ana kwa ana.

---

BintiNgamiani alijibu:

Mdogo wangu, pole sana. Nilipofika pale nesi alipokushika magoti niliweka simu chini kwanza, maana mimi pia nilishikwa.

Mimi ni wa Tanga, niliolewa 2014. Somo yangu alinikalisha ndani siku saba akanifunda kila kitu, kuanzia udi wa kujifukiza mpaka namna ya kumpokea mume. La kufanya mwili ukikataa hakunifunda, na sidhani naye alifundwa. Mwili wangu ulikataa. Mume akikaribia mapaja yanajifunga yenyewe, pumzi inakwama hapa kooni, na kule mlangoni ni kama amegonga ukuta. Tukakaa hivyo miaka mitatu. Mawifi wanauliza "vipi, bado?", nami najibu "tuombeeni", na ndani ya chumba hakuna kilichowahi kufanyika. Nilipewa vidonge vya kupevusha mayai nikavimeza miezi minne. Hebu fikiria, vidonge vya mayai kwa mwanamke ambaye mbegu haijawahi kumfikia! Walioniandikia hawakuuliza, na mimi kwa aibu sikusema. Kwa hiyo huyo daktari wako aliyeuliza, usimwache.

Nilisomewa pia, mara mbili, kwa kuwa watu walisema ni jini mahaba. Kisomo nakiheshimu na kilinituliza moyo, lakini misuli haikulegea. Jina la tatizo nililisikia Dar mwaka 2017: vajinismasi. Misuli ya mlango wa uke inajikaza bila wewe kuiamuru, kama jicho linavyojifumba kidole kikilisogelea. Mapenzi yapo, ila misuli haiyajui.

Sasa nikueleze huko ndani, maana hilo ndilo ulilouliza na ndilo linalotisha.

Siku ya kwanza hakunigusa kabisa. Alikuwa mama wa makamo, mlango kaufunga kwa komeo, dirisha lina pazia nene. Tulizungumza karibu saa nzima. Aliniuliza mambo niliyodhani hayahusiani: choo unapata kila siku? Mkojo unaubana muda mrefu? Usiku unasaga meno? Uliwahi kuanguka ukakalia makalio? Nilikuwa napata choo kigumu tangu utotoni na sijawahi kumwambia mtu. Kumbe misuli inayoshika choo na mkojo ndiyo hiyo hiyo inayozunguka uke. Mwisho akanilaza chali, magoti yamekunjwa, kanga yangu nimejifunika, akaniambia niweke mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, nivute pumzi mpaka mkono wa tumboni unyanyuke. Nikavuta. Ukanyanyuka wa kifuani. Nikarudia, vilevile. Nilikuwa na miaka 28 na sikujua kupumua kwa tumbo.

Hiyo ndiyo ikawa kazi ya nyumbani, dakika kumi asubuhi na kumi kabla ya kulala. Ukivuta pumzi ikashuka vizuri, misuli ya chini nayo inashuka na kulegea kidogo. Huwezi kuilazimisha kwa kuiambia "legea", lakini ukiipa pumzi inafuata. Akaniongezea na mkao mmoja unaofanana na sijda, ila magoti yametanuka na makalio yanarudi mpaka kwenye visigino. Niliupenda ule mkao. Nilikuwa nausikia mgongo wa chini unafunguka polepole.

Kugusa kulianza mara ya tatu, na aliomba ruhusa kila hatua. Akanipa kioo kidogo cha mkononi nijiangalie mwenyewe kwanza. Nililia pale, sijui hata kwa nini, akanipa kitambaa akasubiri. Kisha glavu, mafuta ya kulainisha, kidole kimoja, hadi pingili ya kwanza tu. Aliniambia tufikirie mlango ni uso wa saa wenye namba zake: namba kumi na mbili ya juu ni upande wa kinena, namba sita ya chini ni upande wa njia ya haja kubwa. Akawa anagusa taratibu na kuuliza, hapa je? Hapa? Kwenye namba nne hakukuwa na kitu. Kwenye namba nane kidogo, kama kubonyeza paja lililochoka, na palikuwa pagumu kama kifundo cha kamba. Akakaa hapo hapo bila kusukuma, mimi napumua, baada ya dakika moja hivi nikakisikia kile kifundo kinayeyuka. Ninavyoandika nakikumbuka. Ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba sikuumbwa vibaya.

Baadaye akanipa vifimbo laini vya silikoni vya saizi tano, cha kwanza kama kidole kidogo. Unajiwekea mwenyewe nyumbani, na pumzi, na mafuta, unakaa nacho dakika kumi. Hupandi saizi mpaka hii uliyonayo iwe haikushtui. Cha tatu kilinichukua mwezi mzima, nikarudi nyuma, nikaenda tena. Kuanzia cha nne mume wangu alikuwa ananisaidia, mkono wangu juu ya mkono wake, nikisema "simama" anasimama. Naye alikuwa ameanza kuogopa kuniumiza, kwa hiyo tulijifunza wote wawili.

Nilikwenda mara 11 kwa miezi saba, kila safari 40,000 na nauli ya basi Tanga hadi Dar na kurudi. Tulikubaliana kwamba muda wote huo hakuna kujaribu tendo, ili mwili usiendelee kungoja maumivu. Mara ya kwanza tulipoweza ilikuwa usiku wa Ijumaa, na haikuuma. Ilibana kidogo, basi. Mume wangu aliswali rakaa mbili za shukrani.

Mimba niliishika miezi mitano baadaye, na binti yangu sasa yuko darasa la kwanza. Niseme wazi ili usije ukabeba matumaini yasiyo yake: kilichonipa fiziotherapia ni tendo la ndoa lisilouma. Mayai yangu yalikuwa mazima na mirija mizima tangu mwanzo. Ningekuwa na mirija iliyojaa maji, vile vifimbo visingenisaidia kushika mimba.

Yale mazoezi ya kubana acha leo. Leo leo.

---

MtaalamuWaViungo_Moshi alijibu:

Dada wa Dodoma, mimi ni mwanamke, kazi yangu ni fiziotherapia, niliisomea hospitali ya KCMC hapa Moshi. Dada wa Tanga amekueleza chumba cha matibabu vizuri kuliko ninavyoweza. Nitaongeza machache.

Misuli hiyo ya chini ya nyonga imetandazwa toka mfupa wa kinena hadi kifandugu, kama kamba za kitanda. Zipo kamba zilizolegea, na zipo zilizovutwa mno hata ukikalia zinakuumiza. Mazoezi ya kubana yanajulikana kwa jina la daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeandika kuyahusu mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliokuwa wakivuja mkojo baada ya kuzaa. Ni mazuri sana kwa kamba zilizolegea. Kwako ni kuzikaza zilizokwisha kukazwa, ndiyo maana umeumia zaidi.

Kuhusu mrija wa kushoto. Mahali ulipozibia ni pa kuangalia kwa makini. Pale mrija unapotoka kwenye kizazi misuli yake yenyewe inaweza kujiminya wakati wa kipimo, hasa mtu akiwa na maumivu na hofu, dawa isipite na picha ikaonyesha umeziba wakati mrija ni mzima. Sisemi kwako ndivyo ilivyo. Muulize daktari wako maneno haya haya: "Inawezekana ulijiminya tu?" Akitaka kurudia, ni baada ya damu ya mwezi kukatika na kabla yai halijatoka, na uombe dawa ya maumivu ya kumeza saa moja kabla. Ukiwa tayari umejifunza kupumua kwa tumbo, kipimo cha pili hakitafanana na cha kwanza. Na hata kama kweli umeziba, mrija mmoja mzima unatosha watu wengi kushika mimba.

Mikono yangu haizibui mirija, na nisingependa mtu akutoze pesa kwa ahadi hiyo. Ipo ripoti ya Marekani ya mwaka 2015 ya kliniki zinazokanda nyonga kwa mikono. Walipitia mafaili ya wanawake zaidi ya 1,300, wakaandika kwamba wengi wa waliokuwa wameziba, mirija yao ilionekana kufunguka. Nimeisoma. Mafaili yalikuwa ya kliniki zao wenyewe, na hakukuwa na kundi la wanawake ambao hawakukandwa ili kulinganisha, na wewe umeona jinsi mrija unavyoweza kuonekana umeziba leo na kesho ukapitisha. Mirija ikizibwa na makovu ya klamidia, kisonono au kifua kikuu cha kizazi, hiyo ni kazi ya madaktari.

Huyo mama wa kukanda, kama mkono wake ni mwepesi na mgongo wako unafurahi, hilo ni jambo lako. Asikuingize chochote ukeni, na asiguse tumbo siku ambazo damu imechelewa. Damu ikichelewa na ukasikia maumivu makali upande mmoja, nenda hospitali usiku huo huo, mimba inaweza kuwa imetunga kwenye mrija.

Nikuulize moja. Maumivu yako ni mlangoni tu, au yapo na ya ndani kabisa mume akishaingia? Na hedhi inakulaza kitandani? Ya mlangoni ni yetu. Ya ndani kabisa pamoja na hedhi kali inaweza kuwa endometriosisi, utando unaofanana na wa kizazi ukiota nje yake. Huo unaathiri karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, na daktari anatakiwa kuuangalia kwanza. Fiziotherapia husaidia maumivu yake, lakini ugonjwa wenyewe hauuondoi.

---

BabaWawili_Mbagala alijibu:

Samahani dada zangu kuingia kwenye mazungumzo yenu. Naandika kwa sababu ya mume wa huyu dada.

Mke wangu alipitia hili. Mimi nilichelewa kuelewa, nilidhani ananikataa, nikawa nalala sebuleni. Kilichonibadilisha ni siku aliponiambia niingie naye kwa mtaalamu, nikaona kwa macho yangu mapaja yanavyotetemeka kwa kuguswa tu na kidole, na yeye mwenyewe anajitahidi yatulie. Kwa hiyo dada, mwambie mzee aende nawe hata mara moja.

Na hili la mama mkwe si lako kulibeba. Mama ni wa mumeo, aseme yeye. Mimi nilimwambia mama yangu: "Mama, daktari ametupa matibabu sote wawili, tuache tuyamalize." Sikumweleza zaidi ya hapo na wala hakuuliza. Ile "sote wawili" ilimsaidia sana mke wangu, maneno ya pale nyumbani yalipungua kuanzia siku hiyo.

---

DadaWaDodoma aliandika:

Nimesoma yote mara tatu. Jana usiku nilimsomea mume wangu, alikaa pembeni ya kitanda hakusema kitu mpaka nilipomaliza ya kaka wa Mbagala. Kisha akasema, "Nitaongea na mama." Ameshaongea asubuhi hii.

Dada wa Moshi, maumivu yangu ni mlangoni tu, akishaingia yanapungua. Hedhi ni ya kawaida, siku ya kwanza nameza panadol mbili naenda kazini. Na ninabana mkojo ndiyo, mimi ni mwalimu, nina vipindi mpaka saa saba.

Nimepiga simu Dar, nimepewa Jumanne ya wiki ijayo. Maswali yangu yaliyobaki ni mawili. Hiyo miezi ya kutojaribu si tunapoteza muda, na umri huu? Na nikiwa na nafuu, mafuta ya kulainisha si yanaua mbegu? Mtu mmoja kaniambia nitumie mate.

---

MtaalamuWaViungo_Moshi alijibu:

Kwa 31 miezi michache hiyo inalipa, maana mara moja au mbili kwa mwezi bila kujali siku ni sawa na kutojaribu. Siku ambazo mimba inaweza kushika ni kama sita tu kwa mwezi, tano kabla ya yai kutoka na ile yenyewe. Kila baada ya siku mbili au tatu inatosha, huna haja ya kuhesabu kwa wasiwasi. Na kama mtachoka kusubiri kabla misuli haijawa tayari, muulizeni daktari kuhusu kuweka mbegu ukeni kwa bomba lisilo na sindano. Wapo wanaopata mtoto hivyo huku matibabu yakiendelea.

Mate acha. Maabara imeonyesha yanapunguza mwendo wa mbegu, na mafuta mengi ya kulainisha ya dukani vilevile. Yapo yaliyotengenezwa mahsusi kwa wanaotafuta mimba, uliza duka la dawa. Haya ya kawaida tumia kwenye mazoezi ya vifimbo tu.

Na ukojoe kati ya vipindi, mwalimu. Darasa litasubiri dakika tatu.

---

DadaWaDodoma aliandika:

Asanteni sana. Dada wa Tanga, la mwisho na ni dogo: siku ya kwanza nivae nini, nibebe nini?

---

BintiNgamiani alijibu:

Vaa gauni pana, usivae suruali. Beba kanga mbili zako mwenyewe ulizozizoea, moja ya kujifunika na moja ya kutandika, shuka za hospitali zina baridi. Chupa ya maji. Karatasi ya majibu ya mirija usiisahau, mwonyeshe.

Na ukifika ukasikia mapaja yanajifunga hata kabla hujalala kitandani, mwambie hivyo hivyo, "yamejifunga." Atakungoja. Jumanne usiku nitakuwa hapa.